Jiwe la Maombi

Nyumba ya Fabien seremala, pale Baraka upande wa misioni, ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na mmoja, na kati ya hao hakuna hata mmoja aliyejua kutafuta kitu chake bila kumwita Suzanne. Chumvi iko wapi, Suzanne? Jembe nani amelichukua, Suzanne? Mtoto analia, Suzanne, hata kama mtoto mwenyewe yuko mapajani mwa mwingine. Fabien na Suzanne walikuwa na watoto watano. Mama mzazi wa Fabien, Bibi Machozi, alikuwa na chumba chake. Chumba cha tatu kilikuwa cha Pulchérie, mke wa Placide, mdogo wake Fabien, pamoja na watoto wake wawili. Placide hatumhesabu, maana tangu mwanzo wa mwaka ule wa 1954 alikuwa kwenye kazi ya barabara huko Lulimba, na siku alipokuja alilala siku mbili, akaondoka na blanketi zuri kuliko yote.

Jumanne moja, jua lilipoanza kulegea, Suzanne alikuwa amekwisha kurudi kutoka shamba la pamba, lile ambalo Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilimlazimisha kila mwenye nyumba kulilima. Alikuwa ameteka maji mara mbili, ametwanga, amewaosha watoto wanaokubali kuoshwa na kuwakimbiza wasiokubali. Sasa akachukua beseni na kujitwisha.

"Unaenda wapi tena?" akauliza Bibi Machozi kutoka mkekani, bila kugeuza shingo.

"Kuangalia mihogo, mama."

"Mihogo iko mu maji, itakimbia? Kuja unikune mugongo kwanza."

Suzanne akatua beseni, akamkuna mgongo. Alipoinuka tu, Fabien akaita kutoka ndani.

"Suzanne! Shati yangu ya kanisa uliiweka wapi?"

"Iko ku kamba, baba."

"Kamba gani?"

Kamba ilikuwa moja tu katika nyumba nzima. Suzanne akaingia, akaitoa shati kwenye kamba, akamkabidhi mumewe aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Mtoto wa nne akamshika kikwembe alichojifunga. Mtoto wa pili akataka kujua nani atampa ndizi. Suzanne akasikia kifua kinabana kama kila siku saa ile, akaona kwamba akiulizwa jambo moja zaidi atapiga kelele mpaka jirani waje. Basi akalitoa lile neno lake.

"Ninaenda kuomba."

Hapo mambo yakabadilika. Bibi Machozi akajinyoosha mkekani kwa heshima. "Aa, enda basi, binti yangu. Batoto, muache mama yenu, anaenda mu maombi!" Mtoto akaachia kikwembe. Fabien akaikunja shati yake mwenyewe, vibaya, lakini akaikunja. Hakuna amri ya Leta wala ya kapita wa pamba iliyokuwa na nguvu namna ile pale nyumbani.

Alikuwa amefika kwenye njia ya shamba Pulchérie alipomkimbilia, mtoto wake mdogo Constance mgongoni, akimwita yaya, dada mkubwa. Constance alikuwa na miezi tisa na kichwa kilichojaa nywele, na siku hiyo kichwa hicho kilikuwa kimelala upande.

"Yaya, ngoja. Mutoto iko na joto tangu asubuhi. Uniulizie kwa Bwana. Nimupeleke dispanseri, ao ningoje?"

Suzanne akamgusa mtoto shingoni. Joto lilikuwepo, lakini ni joto gani halipo kwa watoto wa kando ya ziwa?

"Ntauliza," akasema.

Desturi yao ndiyo ilikuwa hiyo, wale wa kikundi cha maombi. Hawakufanya safari, hawakuposa, hawakubadilisha kazi kabla mmoja wao hajaenda kando peke yake na kurudi na neno. Na bila kuomba cheo hicho, Suzanne ndiye aliyekuwa amekuwa mwenda kando wao. Maneno yake yalipendwa kwa sababu yalikuwa mafupi, na yalikuwa mafupi kwa sababu alikuwa hana la kusema. Mtu alipopoteza mbuzi alirudi akasema, "Atarudi," na mbuzi akarudi, kwa maana mbuzi hurudi. Toka siku hiyo bamama wakaanza kumwita Mama wa Maombi hata sokoni.

Mahali pake palikuwa nyuma ya shamba la mihogo, pale kijito kinapotulia na kufanya kidimbwi. Ndipo wanawake walipoloweka mihogo, wakaigandamiza kwa mawe isichukuliwe na maji, na baada ya siku tatu ilinuka kiasi kwamba hakuna mtu aliyekaa pale kwa hiari yake. Juu ya kidimbwi kulikuwa na jiwe pana. Suzanne akapanda, akafungua kitambaa cha kichwa, akajikuna kichwa chote polepole, akanyoosha miguu. Chini kabisa lilionekana ziwa, na ng'ambo yake rasi ya Ubwari ikiwa ya buluu.

Halafu hakufanya kitu.

Mwaka na nusu uliopita, alipoanza kuja, aliomba kweli. Aliombea watoto, mume, mkwe, pamba, mpaka siku moja maneno yakamwishia na akabaki amekaa, na ule ukimya ukawa mtamu hata akaogopa. Kesho yake akarudi akitafuta ule ukimya, siyo maombi. Alijua kwamba ni uongo. Kila Jumapili alipoimba alikuwa na aibu, na kila siku jua lilipolegea alikuwa tayari kudanganya tena. Asingalipata nusu saa hiyo, sijui kama angalibaki na akili.

Alipotwaa beseni lake kurudi, ndipo alipokumbuka swali la Pulchérie. Hakuwa ameuliza lolote kwa yeyote. Akatembea akihesabu ndani ya roho: dispanseri iko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili; nani atapika, nani atabaki na watoto, nani atamwogesha Bibi Machozi? Na homa za watoto huja mchana na kuisha asubuhi. Pulchérie alikuwa akimngoja mlangoni.

"Neno, yaya?"

"Bwana amesema ungoje," akasema Suzanne.

Pulchérie akapumua kwa furaha. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alitaka kungoja. Mwaka uliopita, kule dispanseri, msaidizi mmoja mwenye koti jeupe alimtoa kwenye mstari mbele ya bamama arobaini, akamwambia aende akamwoshe mwanae wa kwanza mtoni kwanza ndipo arudi, na bamama wengine wakacheka. Mtoto alikuwa safi. Alikuwa ametapika tu njiani. Pulchérie alikuwa hajasahau hata sura moja ya wale waliocheka.

*

Jumatano asubuhi Constance hakunyonya. Mbavu zake ziliingia na kutoka haraka haraka, na pua ilitanuka kila alipovuta pumzi. Suzanne alimwona, akamgeukia mumewe.

"Tumupeleke," akasema. "Sasa hivi. Fabien, kamata kinga ya misioni."

Kinga ni baiskeli, na ile ya misioni Fabien aliruhusiwa kuitumia akipeleka mbao tu. Akakuna kidevu.

"Lakini neno lilisema tungoje," akasema Bibi Machozi. "We mwenyewe njo ulilileta."

"Mama, tazama mutoto anavyopumua."

"Naona. Nimezaa nane, nimezika ine. Naona muzuri kuliko we." Mama mzee akamgusa mtoto mguu. "Njo maana sitaki tukosee Mungu."

Fabien hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili ndipo akate, jambo zuri kwa mbao. Akamtuma binti yake mkubwa akamwite mzee Isidore, kiongozi wa kikundi cha maombi, na mzee Isidore akaja na kofia yake mkononi, akaketi kwenye kiti pekee, akapewa maji, akanywa yote bila haraka. Suzanne alihesabu mafunda yake. Saba.

"Dada Suzanne," akasema mwishoni, "neno lako la mbuzi lilikuwa kweli. Neno la safari ya ndugu yetu Eugène lilikuwa kweli. Sasa neno la mutoto, njo unaliogopa?"

"Muzee, mutoto anazidi."

"Tunajaribiwa. Mutu akipewa neno, kisha shetani anamuletea woga. Tutangoja mupaka kesho, tuombe pamoja."

Pulchérie alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mtoto kifuani. Hakumtazama mzee. Alimtazama Suzanne, akingoja, kwa sababu katika nyumba ile Suzanne ndiye aliyejua chumvi iko wapi.

"Ninaenda kuuliza tena," akasema Suzanne, akatoka mbio bila beseni.

Pale juu ya jiwe alipiga magoti, jambo ambalo alikuwa hajafanya hapo kwa mwaka mzima. Akafumba macho. Alisikia maji, akasikia nzi, akasikia moyo wake unagonga. Hakuna neno lililokuja. Alikuwa amepageuza mahali hapa kuwa pa kutosema kitu, na leo hapakukubali kubadilika. Akainuka akakimbia kurudi, na alipoingia uani alikuwa amekwisha kulitunga.

"Bwana amesema tumupeleke. Sasa."

Mzee Isidore akatikisa kichwa, bila hasira, kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza Suzanne.

"Jana kungoja, leo kwenda. Bwana wetu iko na midomo mbili? Neno la kwanza njo neno. Ya leo ni moyo wa mama unasema. Hatukuhukumu, dada."

"Ni kweli," akasema Bibi Machozi.

Fabien akatazama ardhi. Constance akakohoa kikohozi kidogo kikavu, halafu akaguna, na kila mtu pale uani akausikia ule mguno ukirudi na kila pumzi.

*

Suzanne akajiona amesimama kati ya ua wake, ndizi huku, nguo zilizoanikwa kule, watoto wa jirani wamejaa kwenye ua wa matete wakichungulia. Hakuwa na mahali pa kusemea jambo hili kwa siri. Akalisema hapo hapo.

"Neno la jana halikukuwa neno. Sikuomba."

"Unasema nini?" Fabien akainua uso.

"Sikuomba. Nilisahau. Nikasema tu ungoje, juu ya kuchoka. Pulchérie, nilikudanganya. Na ya mbuzi nilisema tu. Na ya Eugène."

Mzee Isidore akaweka kofia chini polepole. "Kama huombi, unaenda kufanya nini kule?"

"Nakaa."

"Unakaa na nani?" akauliza Bibi Machozi.

"Na mutu hapana."

"Suzanne." Sauti ya Fabien ilikuwa imebadilika. "Unakaa na nani?"

"Nakaa peke yangu, baba. Navua kitambaa. Nasikia maji."

"Siku zote? Mwaka muzima na nusu, unaacha nyumba, unaenda kusikia maji?" Akacheka kicheko kibaya. "Maji ya kuloweka mihogo? Ile inayonuka?"

"Ndiyo."

"Muniulizie," Fabien akamgeukia mama yake, kisha mzee, "muniulizie huyu mwanamuke, jina la huyo mwanaume ni nani?"

"Ao anaongea na bitu bya giza," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mutu hakai peke yake bure. Hata munyama hakai peke yake isipokuwa iko mugonjwa."

Wangemwelewa kama angesema mwanaume. Wangemwelewa hata kama angesema uchawi. Wangelia, wangeita watu, wangejua la kufanya. Lakini mtu mzima mwenye mume, watoto na mkwe anayekwenda kukaa tu, hilo hawakuwa na mahali pa kuliweka. Suzanne aliliona jambo hilo nyusoni mwao na machozi yakaanza kumtoka, ya hasira kuliko ya aibu.

"Hapa nyumbani hakuna pa kukaa?" Fabien akapiga kelele. "Mi natengeneza biti! Kazi yangu ni biti! Unakosa kiti ya kukaa?"

Kiti pekee kilikuwa chini ya mzee Isidore.

Pulchérie ndiye aliyeinuka. Alikuwa amekwisha kumfunga Constance mgongoni wakati wao wanabishana juu ya mwanaume, akafunga na kikwembe cha pili juu. Hakumwambia mtu kwaheri. Alipofika kwenye njia Suzanne akamfuata, na Fabien akaita, "Suzanne! Rudi! Hatujamaliza!" na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Suzanne aliitwa katika nyumba ile na hakuitika.

*

Walitembea muda mrefu, Pulchérie mbele. Mvua ya juzi ilikuwa imeuvuruga mto, na Nasoro mvushaji alikuwa amejaza mtumbwi wake: mikungu ya ndizi, mbuzi wawili, mwanamke na kuku zake, vijana wa pamba waliokuwa wakizungumza juu ya mpira. Alipowaona, akawasogeza vijana kwa kasia.

"Mama wa Maombi! Kuja, kuja, kaa hapa mbele. Ukiwa ndani mutumbwi hauwezi kuzama."

Alisema kwa wema, naye alikuwa Mwislamu, hakuwa na sababu ya kumpendelea. Suzanne akaingia akijikunja. Pulchérie akamfungua mtoto mgongoni na, bila kumtazama, akampa. Mikono yake ilikuwa imechoka, ndiyo sababu, siyo msamaha.

Constance alikuwa mwepesi. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakufuata kitu. Mbuzi mmoja alikuwa amemkanyaga Suzanne mguu, bega la kijana mmoja lilimsukuma ubavuni, kuku walilia, Nasoro aliwapigia kelele wasiegemee upande mmoja. Hapo, katikati ya kelele hizo, akiwa amebanwa hata hawezi kuinamisha kichwa, Suzanne aliomba. Hakupanga. Alisema "Usimchukue" mara nyingi kiasi kwamba yule mwenye kuku akageuka kumwangalia. Suzanne hakujali.

"Ulinidanganya," Pulchérie akasema walipokuwa katikati ya maji.

"Ndiyo."

"Ungesema hujui. Mi ningeenda."

"Ungeenda?"

Pulchérie akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Sijui," akasema. "Lakini ungesema."

Kwenye dispanseri mstari ulikuwa umezunguka nyumba. Msaidizi mwenye koti jeupe alikuwa yule yule, na Pulchérie alipomwona miguu yake ikasimama. Suzanne hakusimama. Alipita kando ya mstari mzima na mtoto mikononi, bamama wakamtukana kwa Kiswahili na kwa Kibembe, wakamwuliza kama yeye amezaa na wao wameokota. Msaidizi akanyoosha mkono kumzuia.

"We! Huoni mustari? Bantu ba huku munakaa namna gani? Toka!"

"Sitoki."

"Unasema?"

"Unitukane, lakini tazama mutoto kwanza. Kisha utanitukana tena. Sina haraka."

Nadhani hakuwa amejibiwa hivyo kamwe. Akatazama, na alipotazama, uso wake ukaacha ukubwa wote. Akafungua mlango akaita, na mganga mwenyewe, Mwafrika mfupi mwenye miwani, akatoka, akaweka sikio kwenye mgongo wa Constance, mara moja tu.

"Mapafu," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi," akasema Pulchérie.

"Jana! Na mulikuwa munangoja nini?"

Pulchérie akamfunika mtoto mgongo. Chumba kilikuwa kimejaa, na waliokuwa mlangoni wakanyoosha shingo. Suzanne alijua kwamba mganga hatauliza mara ya pili, kwamba angeweza kunyamaza na jambo lingepita.

"Ni mi," akasema. "Ni mi nilisema bangoje."

Mganga akamtazama juu ya miwani, akaona labda hakuna tusi lililobaki la kumwongezea, akaenda kuchemsha sindano.

Walilala barazani pale siku tatu, wakichomwa sindano asubuhi na jioni, maana ni kama wote walichomwa. Siku ya pili Constance alinyonya. Siku ya tatu alilia kwa sauti yake yote, sauti mbaya yenye hasira, na bamama wa baraza zima wakapiga vigelegele. Pulchérie alilia pia. Hakumwambia Suzanne kitu. Lakini alipopata bugali na ndagala wadogo wa ziwani kutoka kwa mwanamke wa karibu, alikata katikati, akampa nusu.

*

Kanisa lilimtenga Suzanne miezi mitatu. Hakushiriki meza ya Bwana, hakuimba na wengine, na kila Jumapili alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, benchi ambalo Fabien mwenyewe alikuwa amelichonga. Mtu angeweza kudhani amepata alichokitaka. Lakini kila aliyeingia alimtazama, na waliokaa mbele waligeuka kumtazama, na watoto walitumwa kuchota maji ili wapite wamtazame. Alikuwa hajawahi kuwa na watu wengi namna ile juu yake.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Neno la kufungulia mlango lilikuwa limekufa. Akienda kidimbwini alipewa binti mkubwa wa kumfuata, na binti akiwa shuleni alifuatwa na mtoto wa tatu, naye alizungumza njia nzima. Mzee Isidore alikuja mara mbili kumwombea pepo atoke, akaweka mkono kichwani pake muda mrefu, na mkono ulikuwa mzito. Fabien alikwenda peke yake kwenye jiwe, siku moja alipotoka kazini, kutafuta nyayo za mwanaume. Alitafuta kila upande. Aliona nyayo za mkewe tu, nyingi, zikienda na kurudi. Akapanda juu, akakaa. Hakukaa hata muda wa kumaliza sigara moja. Akaona mikono yake haijui pa kwenda, akasikia kama mtu yuko nyuma yake anayemwita, akashuka. Usiku ule alikuwa mpole kwa Suzanne, na hakumwambia kwa nini, lakini binti aliendelea kumfuata.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, kifua cha Suzanne kilianza kubana hata asubuhi. Alivunja mtungi. Alimpiga mtoto kofi bila sababu, akamshika akalia pamoja naye. Alipokuwa shambani aliona anahesabu miti ya pamba kwa sauti, na alipofika mia mbili akasahau kwa nini anahesabu. Aliogopa. Hakuwa na mtu wa kumwambia, maana angeanzaje kusema?

Siku moja, jua lilipoanza kulegea, alikuwa akitwanga mihogo mikavu uani. Bibi Machozi alitaka aje amkune. Fabien aliuliza msumari uko wapi. Watoto wawili waligombana miguuni pake, na Suzanne akauinua mchi juu akaona hajui atauangusha wapi. Mkono ukaushika mchi kutoka nyuma.

Ni Pulchérie, na Constance mgongoni, anakula kidole chake mwenyewe. Tangu dispanseri walikuwa wamezungumza ya kazi tu: leta kuni, pokea mtoto, maji yamechemka.

"Leta," akasema Pulchérie.

"Bado haujakuwa unga."

"Naona. Leta, ntatwanga mi. Enda."

Suzanne akamtazama. "Batauliza."

"Baulize."

"Utasema nini? Usiseme naomba. Usiseme hivyo tena, Pulchérie, nakusihi."

"Enda, yaya," akasema Pulchérie, na akaanza kutwanga, na Constance akaruka ruka mgongoni akicheka kwa kila pigo.

Suzanne akatoka bila beseni wala kikwembe cha pili. Binti mkubwa akainuka kumfuata, Pulchérie akamwonyesha ungo kwa kidevu, binti akaketi kupepeta. Muda ukapita kidogo. Halafu, kama ilivyokuwa lazima, sauti ikatoka mkekani.

"Suzanne! Suzanne iko wapi?"

Mchi ukasimama. Fabien akatoa kichwa mlangoni, nyundo mkononi. Pulchérie akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Anakaa," akasema.

"Anakaa wapi? Na nani?"

"Anakaa tu, mama. Akimaliza atarudi." Akamtazama Fabien kwa muda, na Fabien akatazama nyundo yake. "Ulikuwa unatafuta nini, mama?"

Ilimchukua Bibi Machozi muda kukumbuka.

"Chumvi," akasema.

"Iko nyuma ya mutungi."

Mama mzee akangoja kidogo aone nani ataileta. Kisha akaweka mkono ukutani, akainuka, akaenda kuitafuta mwenyewe.